Bunduki ya Ma Adelina na Rasta Zangu Mpya

Leo nimeaibika, ndugu zangu, na ushahidi nimeupiga picha mwenyewe.

Ninaandika nikiwa hapa Mwanza, na nywele zangu zimefungwa kwa kitu nitakachokieleza baadaye. Nitasimulia kwa utaratibu. Utaratibu ndicho kitu pekee nilichobakiwa nacho.

Wengi wenu mnajua kwamba tangu mwaka jana ninajifunza kulenga shabaha kwa bunduki ya marisau, ile ya risasi za chembechembe. Hakuna ndege anayeumia. Mashine hurusha kisahani cha udongo chenye rangi ya chungwa, nawe unajaribu kukivunja kikiwa angani. Nilianza wakati tasnifu yangu ya uzamili iliponinyima usingizi, nikagundua kwamba katika zile sekunde mbili ambazo kisahani kinapita hewani, kichwa changu hunyamaza. Sekunde mbili nzima! Ni kama kusimama ndani ya maji ya ziwa hadi shingoni asubuhi isiyo na upepo, huku mtu fulani wa mbali akizima redio.

Bunduki yenyewe ni ya Ma Adelina. (Nasema "Ma" kwa sababu ndivyo wenzetu wa Kagera wanavyomheshimu mama mtu mzima.) Ni mwalimu mstaafu wa kemia, mjane, anaishi Bwiru kwenye mteremko unaotazama ziwa. Bega lake la kulia lilifanyiwa upasuaji, kwa hiyo siku hizi hapigi. Hukaa kwenye kiti cha kukunja na kuwasahihisha wanaopiga. Ndiye pia niliyemwomba barua ya kunidhamini, ili nami niombe kibali cha kumiliki bunduki yangu. Fomu zangu zote zimejazwa. Imebaki barua hiyo tu, na Ma Adelina hamwandikii mtu ambaye hajampima kwa macho yake.

Kipimo changu kilikuwa na sehemu mbili. Wiki tatu zilizopita alifungua kabati lake la chuma, akaniwekea mezani bunduki mbili, zote za nusu-otomatiki: ukifyatua, bunduki yenyewe hutupa ganda tupu na kupandisha risasi nyingine.

"Chagua moja," alisema. "Halafu uniambie kwa nini."

Mtu mwingine angezinyanyua zote mbili na kuchukua iliyomkaa begani. Mimi niliomba siku tisa. Nilitengeneza jedwali lenye safu kumi na nne (mojawapo iliitwa "hisia", nikaipa uzito mdogo). Ya kwanza hujipakia kwa nguvu ya teke lake lenyewe. Kuisafisha ni rahisi, lakini bega linalipia. Ya pili huazima sehemu ya gesi ya risasi ili kusukuma pistoni iliyo chini ya mtutu. Teke lake ni laini kama kusukumwa na mtu anayekupenda, ila inadai usafi: masizi yakijaa kwenye vitundu vya gesi, inagoma. Tena kuna pete moja nyeusi ya mpira, pana kuliko sarafu, ambayo kazi yake ni kuzuia gesi isivuje. Pete hiyo isipokuwepo, bunduki inapiga risasi moja, basi, inalala.

Nilichagua ya pili. Nilisoma sababu zangu kwa dakika ishirini.

"Mimi ningesema tu kwamba una bega dogo," alisema Ma Adelina. "Lakini sawa. Sehemu ya pili: utaisafisha mwenyewe, utaifunga mwenyewe, kisha utaipiga mbele ya watu."

Sehemu ya pili ilikuwa leo.

Saa mbili asubuhi nilikuwa kibarazani kwake Bwiru. Nilitandika kitambaa cheupe. Nilihakikisha mara tatu kwamba bunduki haina risasi (mara mbili zingetosha, ya tatu ilikuwa kwa ajili ya amani yangu). Nilifungua kipande kimoja kimoja, nikikipanga kwenye kitambaa kwa mfuatano, na kila hatua nikaipiga picha kwa simu. Picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtafiti haamini kumbukumbu.

Hapo sina budi kutaja rasta zangu. Nilisuka juzi, saa saba nzima katika saluni moja ya Mabatini, ncha zinafika kiunoni. Waliowahi kusuka wanajua siku za mwanzo zilivyo: kichwa kinavuta hadi nyusi zinapanda zenyewe. Mpira niliozifungia ulikuwa unaniumiza, nikauvua. Na kwa kuwa kila kitu lazima kiwe na mahali pake, niliuweka juu ya kitambaa cheupe. Kwa mfuatano.

(Endeleeni kusoma. Msianze.)

Nilisugua mtutu kwa brashi. Nilizibua vitundu vya gesi kimoja kimoja. Nilifuta pistoni hadi nikaona kivuli cha pua yangu ndani yake. Ma Adelina alikuwa ukumbini akizungumza kwa simu na dada yake wa Bukoba, Kihaya kikitiririka taratibu kama maji ya bomba lililosahauliwa. Chini yangu ziwa lilikuwa limetulia, rangi ya chai ya maziwa kwenye kingo na rangi ya chuma katikati. Mbali kabisa wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda juu kwa mamilioni, kama moshi wa mji usiokuwepo, ukisogea bila haraka. Nilijikuta nafikiria kuwa huenda mji huo upo kweli, na wakazi wake wanatutazama sisi na kutuona moshi. Mikono yangu iliendelea na kazi peke yake. Sikumbuki niliwaza muda gani.

Kisha upepo ukaja kutoka upande wa maji, rasta zote zikanirukia usoni, karibu kuchovya ncha kwenye mafuta. Nikanyoosha mkono bila kutazama, nikachukua mpira wangu, nikazifunga nyuma. Niligundua jambo moja la kisayansi: mpira ulikataa kuzunguka mara mbili. Nikajiambia, ni mpya, bado haujalainika.

Pete ya bunduki nayo niliivisha mahali pake, nikaipiga picha. Iliingia kwa ulaini wa kupendeza. Nikajiambia, hayo ndiyo matunda ya usafi.

Ma Adelina alitoka na kahawa. "Mwana wange, umemaliza?"

"Nimemaliza, Ma. Hatua kumi na sita, zote zina picha."

"Simama pale ukingoni, utazame ziwa. Nipe simu yako nikupige na mimi picha yangu, ya ukumbusho. Miwani sina hapa, lakini nitabahatisha."

Ndiyo picha ile niliyowatumia humu asubuhi. Ya mgongo, natazama maji, chini yake nimeandika neno moja: "Utulivu." Mlinisifia sana. Kuna aliyesema ninafanana na jalada la kitabu. Naomba mrudi muitazame tena, muikuze pale nyuma ya kichwa. Nitasubiri.

Saa saba mchana alifika Masanja na pikapu yake. Masanja anauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba, na bunduki yake ni ya mitutu miwili, kuukuu, haina hata kitundu kimoja cha gesi. Ananiita Msomi.

"Msomi! Leo ndiyo leo. Umeipaka mafuta, au umeiandikia insha?"

"Shikamoo, Kaka Masanja. Vyote viwili."

"Marahaba. Panda, mayo, tusichelewe." ("Mayo" ni mama kwa Kisukuma.)

Uwanja wetu uko mbele ya Kisesa, ndani ya machimbo ya zamani ya mawe. Miamba imezunguka pande tatu, na sauti yoyote ikiingia humo inakaa kwa muda kabla ya kuaga. Walikuwepo watu kama kumi na wawili. Ma Adelina alifungua kiti chake nyuma yangu, akatoa miwani kwenye mkoba, akawa anaifuta kwa khanga. Nikavaa viziba masikio. Dunia ikawa pamba. Nikapakia risasi mbili, kwa sababu visahani vingerushwa viwili kwa mpigo, cha pili kikikifuata cha kwanza.

"Rusha!"

Kile cha kwanza kilipanda polepole, naapa, polepole kama jua dogo lililokosea saa. Kichwa changu kikanyamaza. Nikavuta kifyatuo. Kikawa vumbi la rangi ya chungwa, likaning'inia hewani, zuri mno! Nikageuzia mtutu cha pili, nikavuta.

Klik.

Kisahani cha pili kilipita mbele yangu kikiwa kizima, kikaenda kutua majanini salama salimini. Ganda tupu lilikuwa limenasa, halijatoka.

"Imekwama," nilisema. Nikaelekeza mtutu chini, nikavuta mpini kwa mkono, ganda likatoka. "Ni jambo la kawaida. Risasi ya kwanza."

Jozi ya pili: pu, klik. Jozi ya tatu: pu, klik. Na kila mara nilisikia harufu ambayo haikuwa ya baruti. Ilikuwa ya saluni. Ile harufu ya rasta zinapochomwa ncha kwa kiberiti ili zisifumuke. Nilifikiri, ajabu gani hii, hata huku machimboni Mabatini inanifuata. Pengine ubongo uliochoka hutengeneza harufu za mahali ulipowahi kupumzika. Nilikusudia kulisoma zaidi jambo hilo.

"Msomi," Masanja aliita, "yangu ina mitutu miwili na haijawahi kusema klik."

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kufafanua. Niliwaeleza kwamba huenda risasi tulizonunua ni nyepesi, hazitoi gesi ya kutosha. Nikaeleza unyevu wa ziwa na athari zake kwa chuma. Nikataja uchovu wa springi. Nikagusia, kwa heshima, uwezekano wa hitilafu ya kiwandani. Nilizungumza dakika nne, na kwa kuwa niliwageukia wasikilizaji wangu, Ma Adelina aliyekuwa nyuma yangu, sasa akiwa amevaa miwani, alikuwa na kisogo changu chote mbele ya macho yake.

"Kabula," alisema.

"Naam, Ma. Namalizia. Uwezekano wa tano..."

"Toa risasi. Fungua bunduki."

Nilitoa risasi. Nikaondoa mbao ya mbele, nikautenga mtutu, na pale penye pistoni, mahali pa pete ya kuzuia gesi, palikuwa na mpira wa nywele. Wenye kitambaa. Umeungua nusu, unatoa moshi mwembamba, na umezungukwa na uzi mmoja wa rasta ya kahawia, rangi namba ishirini na saba, ileile iliyoko kichwani mwangu.

 

"Haiwezekani," nilisema. "Nina picha!"

(Kwa nini nilisema hivyo? Nani alinituma?)

Masanja alikuwa na simu yangu mkononi kabla sijamaliza. Wakakusanyika wote. "Ya kumi na moja hii, pete mbili nyeusi kwenye kitambaa. Ya kumi na mbili... kuza hapo. Kuza! Jamani, ameuvisha kabisa, na mwanga kauweka vizuri!"

"Sasa ile pete yenyewe ya bunduki iko wapi?" aliuliza mama mmoja, kwa wasiwasi wa kweli.

 Ma Adelina aliinuka kitini, akanijia nyuma, akaingiza vidole kwenye rasta zangu kwa upole wa mtu anayetafuta chawa wa mtoto wake, na akauvuta ule niliodhani ni mpira wangu. Uliuma. Rasta zote zikamwagika. Akaiinua pete juu dhidi ya jua, akaichunguza kama alivyokuwa akichunguza vyombo vya maabara.

"Nzima," alisema. "Imechukua harufu ya mafuta ya nywele tu. Yesu na Maria! Miaka thelathini nimefundisha watoto kuchanganya tindikali, sijaona hiki."

Masanja alikuwa amekaa chini. Hakuwa anacheka tena; alikuwa analia. Alipopata pumzi alikwenda kwenye pikapu, akarudi na kipande cha tyubu ya baiskeli, kile anachofungia viroba vya dagaa.

"Kamata, mayo. Fungia nywele. Hii hata ukitaka haiingii kwenye bunduki."

Niliifunga. (Naam. Ndicho kitu nilichosema nitakieleza. Ninanuka dagaa hadi sasa.) Nikairudisha pete mahali pake mwenyewe, Ma Adelina akitazama kila kidole changu. Nikapakia. Nikasema "Rusha!" kwa sauti ya mtu asiye na cha kupoteza. Pu, pu. Vyote viwili vikawa vumbi, na kwa muda mfupi sana, huku vumbi hilo likielea kuelekea Bujora, nilikuwa na furaha kamili.

Njiani kurudi sikuthubutu kuuliza. Tulipofika Bwiru ndipo Ma Adelina alipotoa bahasha kwenye mkoba. Barua ilikuwa imechapwa tayari, ina jina langu. Imekosa sahihi tu.

"Kuchagua ulichagua vizuri," alisema. "Kupiga unapiga. Uongo hukusema, na pete umeirudisha ilivyo. Nitaisaini."

"Asante sana, Ma! Lini?"

Alinitazama kichwani.

"Siku utakapokuja umenyoa."

Nilisubiri acheke. Hakucheka. Alirudisha bahasha kwenye mkoba na kuingia ndani kuzungumza na dada yake wa Bukoba, na safari hii Kihaya hakikutiririka taratibu. Kilikuwa na jina langu kila baada ya maneno matatu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kama kuna anayemfahamu kinyozi mtulivu pale Mabatini, mbali na ile saluni yangu, asiyeuliza maswali na aliye tayari kufumua kazi ya saa saba iliyofanywa juzi tu, anielekeze. Na wa kucheka, tafadhali, acheke akiwa amezima simu.