Meza Isiyo na Dalali

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Tumefika Japani kwa binti yetu Yusra. Nimetoka kwetu Mkonze safari yote hii kuja kutazama kimya! Mtaa hauna spika, hauna mbuzi, hauna mtu anayepiga hodi. Watoto wa shule wanne wamenipita, shikamoo hakuna. Mama Yusra anasema ni raha. Raha gani? Kwetu mtaa ukinyamaza hivi, watu huuliza nani kafa.

Ila sikuja kutembea tu. Nimemwapia Castory, dalali mwenzangu wa soko la Kibaigwa, kwamba narudi na mbia Mjapani. Alicheka mpaka akakalia gunia la mteja. Atanikoma.

Jumapili, 6 Aprili

Ajabu ya Musa! Kando ya barabara kuna meza: kabichi, figili, kopo la hela. Muuzaji hayupo! Watu wanachukua, wanatumbukiza sarafu, wanaondoka. Hivi hawa ndio wanaotengeneza magari? Wanakosa dalali tu.

Yusra kanisihi nisiiguse meza hiyo. Eti bibi mwenye meza na shamba ndiye mdhamini wa nyumba wanayopanga, na wiki hii mkataba unaandikwa upya. Bila saini yake, wanahama. Nikaahidi. Ahadi aliyotoa dalali kabla ya kushika mzigo haihesabiki.

Jumatatu, 7 Aprili

Saa moja asubuhi nipo mezani. Nimepanga mafungu Kikibaigwa: manono juu, yaliyosinyaa chini. Bei nimepandisha mara tatu, ili wapate pa kushushia. Akaja mzee mmoja. Nikamwonyesha vidole vitatu. Akainama. Nikainama. Akainama tena, akaenda zake. Hakubisha! Wote hivyohivyo, mpaka kiuno kikaniuma. Watu hata kupatana bei hawajui!

Jioni akaja bibi mwenyewe. Akanitazama kuanzia ndala hadi kofia, akazitazama mboga zilizododa, akanikabidhi zote kwa mikono miwili. Udalali wangu huo! Kibaigwa hakuna mkulima muungwana hivyo.

Jumanne, 8 Aprili

Asubuhi mlangoni tumekuta wali, mayai na sweta. Majirani wameviacha bila hata kugonga. Mimi nikafurahi, Yusra akalia. Anasema bibi amedhani yeye Yusra ananishindisha njaa, mpaka nikaenda kuombaomba mezani kwake, na mtaa wote umejua. Yusra akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, anainama kila mlango. Iliniuma kumwona vile mwanangu. Nilishindwa kumaliza yai la tatu.

Jumatano, 9 Aprili

Bibi ametia saini! Kabla ya kuondoka alinishika mkono, akanipapasa kiganja. Nani asiyejua kazi hiyo ni ya nani? Nimemtumia Castory picha: mimi, sweta, kabichi na bibi. Nikaandika: mbia huyu hapa. Kajibu kwa kuuliza mbona mbia ananitazama kama anayetazama mgonjwa. Wivu!

Yusra ametubadilishia tiketi. Tulikuwa tukae mwezi, sasa ndege ni Ijumaa. Ameona biashara imeiva, hataki nichelewe Kibaigwa.

Karibu na kituo cha treni nimeona meza nyingine, ya vitunguu. Nayo haina mtu. Kesho ni Alhamisi.