Perege Wangu na Sato wa Shemeji

Jumatatu, 5 Mei 2025

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba perege na sato ni samaki mmoja, ila sato kala akashiba. Si kweli! Perege ni mwenyeji. Yumo katika mto huu wa Rufiji tangu kabla ya babu zetu. Sato kaletwa kutoka maziwa ya bara, ndani ya ndoo. Anakua upesi, anamaliza chakula, anawafukuza wenzake kwenye mazalio, kisha anawaoa mabinti zao. Watoto wanakuwa machotara. Vizazi vichache tu, perege hayupo, na hakuna aliyesoma hitima.

Nimefundisha shule maisha yangu yote. Nina subira. Lakini leo nimevunja kikombe! Mto umepanda. Maji yanaanza kuvuka tuta lililo kati ya bwawa langu na la Mwinyimvua, kaka wa mke wangu. Mimi nina perege watupu. Yeye ana sato watupu. Na Ijumaa Bi Shamsia, afisa uvuvi, anatoka Kibiti kuja hapa Mkongo kuchagua perege wazazi, wakazalishe vifaranga vya kurudishwa bondeni. Akikuta machotara, ataondoka mikono mitupu.

Nimemwendea Mwinyimvua, nikamweleza taratibu, tangu mwanzo. Akasinzia! Alipozinduka akasema sato wake anajaza sahani, perege wangu ni kitoweo cha mgonjwa. Kisha akaongeza: "Shemeji, hata mimi si mwenyeji hapa, kwetu Mbwara. Utanifukuza na mimi?"

Nimemjibu kwamba nalifikiria.

Jumatano, 7 Mei

Mpango! Chandarua juu ya tuta. Maji yapite, sato wasipite. Mtoto wa darasa la nne angeelewa. Nimechukua cha Semeni, mke wangu, kwa kuwa changu kina matundu. Nimepigilia vijiti tangu alfajiri.

Kufika adhuhuri chandarua kimejaa majani na magugu. Maji hayana pa kupita. Yakasukuma. Tuta lote likaenda! Sasa hakuna mabwawa mawili, liko moja, na sato wanaingia kwangu kama watu walioalikwa harusi. Mwinyimvua alikuwa ng'ambo, anakula muhogo. Akapaza sauti kunishukuru, eti alikuwa akitafuta pa kupanulia.

Semeni akauliza chandarua chake kiko wapi. Nikamfafanulia nguvu ya maji yaliyozuiliwa. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza tena chandarua chake kiko wapi.

Kachukua changu. Nimebaki na mbu, na hasira.

Alhamisi, 8 Mei

Mpango wa pili, bora kuliko wa kwanza. Nimeingia majini na mgono, ule mtego wetu wa matete, nikakagua samaki mmoja mmoja. Sato ana milia mkiani, perege hana. Chotara huwadanganya wengi. Hanidanganyi mimi! Nimepata perege wachache, safi, wanene, jike na dume. Nimewatia katika pipa la maji nyuma ya jiko, nikafunika kwa ungo.

Simwambii mtu. Semeni akijua jambo, kaka yake analijua kabla chai haijapoa. Ukoo ule una mdomo mmoja.

Ijumaa, 9 Mei

Sitaki kuandika. Naandika hivyo hivyo.

Nilikwenda kuswali Ijumaa. Nikamwalika Mwinyimvua tutoke wote msikitini, aje ashuhudie Bi Shamsia akinisifu. Nilitaka aumie. Tukakuta mgeni kawahi, yuko uani na Semeni. Mkeka umetandikwa barazani. Wali. Samaki wa nazi.

Nilikula. Nilikula sana! Tena nikamweleza Mwinyimvua, tonge mkononi, kwamba ladha hii ni ya perege peke yake, sato hawezi hata apikwe na malaika, na hii ndiyo sababu mtu mwenye akili humlinda. Mwinyimvua akakubali. Akaongezewa.

Baada ya kunawa nikampeleka Bi Shamsia nyuma ya jiko. Nikatoa hotuba fupi. Nikafunua ungo.

Maji.

Semeni akasema kutoka jikoni: "Baba Zena, si hao mliokula?" Mgeni kamkuta peke yake, wanaume wote msikitini. Angemwacha aondoke na njaa? Kaona samaki pipani, akasema moyoni kwamba leo mume wangu kakumbuka mgeni. Akanishukuru mbele za watu!

Mwinyimvua alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema: "Shemeji, sato wangu waliwasukuma tu. Wewe umewatafuna."

Nikalifunika pipa. Tupu!

Kisha Semeni akaleta beseni. Mmoja kamwacha. Alipomshika kumpara magamba, vitoto vilimtoka mdomoni, maana perege jike hulea watoto mdomoni. Semeni akasema mzazi na wanawe hawatii kisu. Bi Shamsia alichuchumaa akamkagua mkia. Akasema huyo ni safi, na watoto watakaguliwa wakikua. Atarudi kumchukua. Ila akaniomba, kwa adabu, niwaambie watu wote wa nyumba hii kilichomo ndani ya beseni.

Jumamosi, 10 Mei

Mwinyimvua kafika asubuhi na jembe begani. Anataka kunichimbia bwawa dogo kwenye mwinuko, mafuriko yasikofika. Bure! Nimemrudisha. Mtu wa sato ana shida gani na perege?

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Mtu asiye na elimu atasema kosa lilikuwa kuficha. Hapana. Kosa lilikuwa kuficha vibaya! Ungo ni chombo cha kupepetea, hauwezi kuwa mfuniko. Nimemhamisha mama na wanawe kwenye pipa lenye mfuniko, ndani ya stoo, na nimetoboa matundu ya hewa. Semeni kauliza mna nini humo. Nimemwambia mbolea. Kaniangalia, kisha kasema vizuri, mchicha wake unaihitaji.

Leo, kabla ya adhuhuri: nunua kufuli.