Protekta ya Gari la Casimir na Unywele Wangu

Hamtramck, Michigan
Jumatatu ya wiki ya mwisho ya Kwaresima

Kwa Bwana Casimir Pilarski,
Sterling Heights.

Mwanangu niliyekuzaa mwenyewe,

YAH: OMBI LA KUBANDUA PROTEKTA KABLA YA JUMAMOSI KUU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na familia yako, na kwamba gari nalo ni zima, maana siku hizi nikikuuliza hali yako unanijibu hali ya gari. Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunisikilizi, na ndani ya gari siruhusiwi kuongea huku nikionyesha kwa kidole.

Nitangulize pongezi. Gari ni zuri. Ile skrini yake, inayoanzia mbele ya usukani na kujipinda hadi karibu na magoti ya abiria, ni kubwa kuliko televisheni tuliyokukuza nayo. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na hiyo karatasi ya plastiki uliyoibandika juu yake, jinsi ilivyochaguliwa, jinsi ilivyobandikwa, na jinsi inavyotutawala. Naomba usome hadi mwisho.

1. Uchaguzi wenyewe. Marehemu baba yako alinichumbia, akanioa na kuninunulia nyumba hii kwa muda mfupi kuliko ule ulioutumia wewe kuchagua kati ya protekta inayong'aa na isiyong'aa. Uliniita nije kula chakula cha Jumapili, kumbe nimeitwa kwenye kamati. Ukaniketisha garini hapo uani, ukawa unanishikia sampuli juu ya skrini. "Mama, hii au hii?" Nikasema hiyo ya kwanza. "Hiyo inaakisi jua, Mama, hebu angalia vizuri." Basi ya pili. "Hiyo inafifisha ramani." Ya tatu ilikuwa ngumu, ikakataa kujipinda, kila ukiibana huku inanyanyuka kule. Nikakaa humo mpaka jua likazama, kwa kuwa ulitaka kuona na taa zikiwashwa, na nyama aliyoipika mkeo Denise ikapoa mezani. Mwishowe tukakubaliana isiyong'aa. Wiki hiyo hiyo ukaagiza inayong'aa.

2. Sufuria. Najua watu hubandika protekta za simu bafuni, maji ya moto yakiwa yamefunguliwa ili mvuke uangushe vumbi. Nimeelewa. Lakini gari haliingii bafuni. Kwa hiyo ukaja kuazima sufuria yangu kubwa ya kuchemshia pierogi, yale maandazi yetu ya Kipolandi yenye kujazwa viazi, nami mjinga nikafurahi kwamba leo mnapika. Nilipofika kwenu nikakukuta kwenye banda la gari, sufuria inatokota juu ya jiko la jirani, na wewe, mtu mzima, mwezi wa kwanza, theluji nje, umevaa bukta ya kuogelea, eti sweta linaangusha nyuzi. Denise ameshika tochi, macho yamemtoka. Nilipouliza kulikoni, mkanijibu kwa pamoja, "Mama, usipumue!" Nina miaka sabini na minane, Casimir. Hilo si jambo la kuniomba kwa mzaha.

3. Unywele. Hapa ndipo penye maumivu. Ulipomaliza kusukuma viputo vyote kwa kadi, ukawasha skrini, na katikati ya ramani ukatokea unywele mmoja mweupe chini ya plastiki, umelala kutoka Toledo hadi Cleveland, kule Ohio. Uchunguzi haukuhitajika. Denise nywele zake ni nyeusi, na wewe huna kabisa. Mjukuu wangu Hania akapiga makofi, "Bibi yuko Ohio!" Mimi nilicheka sana, na moyoni nikasema afadhali, sasa hata siku nisipokuwepo mtakuwa mnasafiri nami. Wewe hukucheka. Ulishika kichwa kama mtu aliyefiwa, ukaibandua yote, ukaikunja na unywele wangu ndani yake, ukatupa kwenye pipa na kuagiza nyingine. Tangu siku hiyo nimehamishiwa kiti cha nyuma. Iliniuma, mwanangu, na bado inaniuma.

4. Jumanne ya pączki. Kila mwaka, siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu, ukoo huu hupanga foleni dukani kununua pączki, maandazi ya mviringo yaliyojazwa jamu ya plamu na kunyunyiziwa sukari, na huzila ndani ya gari, vioo vimepandishwa, sukari mpaka kwenye nyusi. Baba yako alikuwa akiendesha mwezi mzima usukani ukinata, na hakufa kwa hilo. Mwaka huu ulitushusha tukale barabarani, kwenye baridi. Ya Hania ikaanguka kwenye tope la theluji, jamu chini. Mtoto analia, wewe unampangusa vidole kwa kitambaa cha skrini na kumwambia, "Haya, ingia, lakini usiguse kitu, sawa mama?" Toka hapo mjukuu wangu akiingia kwenye gari lako anakalia mikono yake. Ana miaka sita. Nimemuuliza mbona haji tena kwangu Jumapili, akasema mikono inakufa ganzi njiani.

Nimesoma kitabu cha gari lako. Kinasema skrini hiyo imetengenezwa ili iguswe. Sasa wewe umenunua kitu cha kuguswa, ukanunua cha kukikinga kisiguswe, kisha ukatukataza kugusa hicho kinachokinga. Kwa mwendo huo utanunua kava la protekta, halafu gari la pili la kuendesha ili hili lisichakae, na mimi nitaletewa basi.

5. Kikapu. Jumamosi hii tunapeleka chakula cha Pasaka kubarikiwa. Tangu niolewe, kikapu changu, chenye mayai, soseji, chumvi na mwanakondoo aliyefinyangwa kwa siagi, huenda kanisani mapajani mwangu, kiti cha mbele. Jana ukanitumia ujumbe: "Mama, kikapu kitakaa kwenye buti, siagi na skrini haviendani." Mwanakondoo, Casimir! Kwenye buti, karibu na tairi la akiba!

Kwa hayo yote naomba ubandue kitu hicho kabla ya Jumamosi. Nirudishiwe kiti changu cha mbele. Hania aruhusiwe kuchomoza mkono kutoka nyuma na kubonyeza wimbo anaoutaka kwa kidole chochote, chenye sukari, yai au siagi. Gari lisilo na alama ya mtoto wala ya mzee ni gari la kukodi. Watoto hukua, wazee huondoka, na alama ndizo zinazobaki nyumbani. Ukikataa, nitakwenda kanisani kwa miguu na kikapu changu, nitapita barabara kuu, na kila atakayeniuliza nitamsimulia, nikianza na bukta.

Nisalimie Denise, mwambie nimemruhusu kupumua. Nisalimie Hania na umbusu vidole vyote kumi. Nisalimie wakwe zangu, na huyo jirani aliyetoa jiko bila kuuliza maswali. Gari usilisalimie.

Ni mimi niliyekasirika na ninayekupenda,
Mama yako,
Leokadia Pilarski

N.B. Pasaka mtakula kwangu. Mwambie Hania anaweza kukaa kwenye kochi la bluu mradi asiinue nailoni niliyolifunika nayo. Nailoni yenyewe imepasuka pale pa kuegemeza mkono, upande wa baba yako, kwa hiyo ukishabandua protekta usiitupe, itatosha kuzibia. Kama zile sampuli bado unazo, niletee inayong'aa, kwani isiyong'aa itafifisha maua ya kitambaa cha kochi. Kochi hilo tulilinunua ukiwa chekechea na hadi leo ni jipya kabisa. Baba yako alilikalia kila jioni mpaka alipofariki, na hakuacha doa hata moja. Nimeinua nailoni nikatafuta alama yake kote. Hata moja.