Gurudumu, Kichuguu na Mama Mkwe

Jamani wenzangu wa Igalula, leo nimeumbuka. Tena mchana kweupe, mbele ya mkaguzi kutoka Dar es Salaam, mbele ya Mzee Seif wa dukani, na mbele ya mtu ambaye sikutakiwa kuwa mbele yake kabisa. Nawaandikia mapema kabla habari yenyewe haijapanda treni, maana najua ikifika huko itakuwa imeshatiwa chumvi.

Kazi yangu mnaijua. Nalinda lango la maji machafu ya mji, kule bondeni chini ya mtaa wa Mtendeni. Mvua ikiwa kubwa, maji yake huingia kwenye bomba la vyoo, bomba linashiba, na chemba iliyo mbele ya duka la Mzee Seif inatapika. (Samahani kama mnasoma mkila.) Dawa yake ni kufungua lango la akiba ili maji yaende kwenye bwawa la pembeni. Shida ni kwamba lango liko bondeni na chemba iko mjini. Zamani nilikuwa najua kuwa imetapika kesho yake, Mzee Seif anapokuja kunionyesha viatu vyake.

Mwaka huu nikabuni kitu. Nilichukua debe tupu la mafuta ya kupikia, nikaliziba vizuri, nikaliacha lielee ndani ya chemba. Juu yake nikasimika ufito mrefu wenye kitambaa chekundu, unaopita kwenye tundu la mfuniko. Maji yakipanda, debe linapanda, na kitambaa kinachungulia juu ya paa la duka. Mimi nikikiona kutoka bondeni, saa hiyo hiyo nazungusha gurudumu la lango, lililo kwenye dirisha la kibanda changu, linaloshikika kwa ndani na kwa nje. Mzee Seif hajaja na viatu tangu mvua za kwanza.

Habari zikafika mbali, ndiyo maana leo akaja mkaguzi. Mtu wa maneno machache. Akaniambia, "Ndugu Maganga, mtambo wako ukifanya kazi, chemba zote za mji zitawekewa debe, na wewe utakuwa fundi wa mitambo. Usipofanya kazi, kibanda kinafungwa na unarudi kwenye koleo."

Koleo nimelishika miaka sita. Silitaki tena, na leo asubuhi nilikuwa naogopa kwelikweli.

Wingu likatanda. Mkaguzi akaenda kusubiri barazani kwa Mzee Seif, akapewa kahawa. Mimi nikabaki langoni. Nikalifungua kidogo kwa tahadhari, kisha nikashuka mtaroni kutoa majani yaliyoziba wavu. Mvua ikaanza. Nikajifunika gunia kichwani, nikapanda mbio kurudi kibandani.

Ndani ya kibanda kuna mtu. Mwanamke mtu mzima, amekaa juu ya sanduku langu la spana, ana kikapu na jogoo.

Mama mkwe! Kutoka Lusu!

Mke wangu alijifungua mwezi uliopita, na mama yake alisema atakuja Jumamosi kumwona mjukuu. Leo ni Alhamisi. Njiani mvua imemkuta, ameona kibanda, ameingia. Nani angemlaumu?

Sasa nyinyi mnajua mila yetu Wanyamwezi. Mkwe haonwi uso kwa uso. Ukimwona njiani, unaiacha njia, unaingia porini mpaka apite. Kukaa naye chini ya paa moja ndiyo usiseme. Wenzetu wengi wa mjini wamelegeza, lakini mimi nimelelewa na baba ambaye hakulegeza hata kidogo. Miguu yangu ikaamua kabla yangu. Nikajitupa nyuma ya kichuguu kilicho mkabala na kibanda.

Nikainua macho kutazama mjini. Kitambaa chekundu kile, kinachungulia!

Debe limefanya kazi yake. Kitambaa kimefanya kazi yake. Mimi niko nyuma ya kichuguu. Hakuna mtu mwingine hata mmoja wa kumtuma.

Nikakumbuka kuwa wazee walikuwa na njia. Ukiwa na neno kwa mkwe, huliambii yeye. Unaliambia kitu kingine, yeye akasikia. Basi nikapaza sauti kutoka ndani ya gunia.

"Ewe gurudumu! Laiti angetokea mtu mwenye huruma, akakuzungusha kwenda kulia!"

Kisha nikamsikia mama mkwe akimwambia jogoo wake, "Umesikia, baba? Kuna mtu anaongea na gurudumu. Mji huu una wagonjwa."

"Ewe gurudumu! Kulia! Mpaka mwisho! Mji unaangamia!"

"Masikini," akamwambia jogoo. "Ngoja tumfurahishe, labda atatulia."

Akainuka. Akazungusha. Mama ana mikono ya jembe yule, gurudumu linalonitoa jasho alilizungusha kama anakoroga uji. Nikashukuru Mungu.

Kisha nikasikia maji yanayokwenda bwawani yamenyamaza.

Mimi siku zote huzungusha nikiwa nimesimama upande wa nje. Yeye alikuwa ndani, tumeelekeana. Kulia kwangu ni kushoto kwake. Hata ule upenyo mdogo nilioufungua asubuhi, mama mkwe alikuwa ameuziba kabisa!

Kule mjini kitambaa kikapanda. Kikapanda tena. Halafu kikaanguka, ufito na yote; chemba imetapika.

"Kushoto!" nikapiga kelele. "Gurudumu, rudi kushoto!"

"Sasa amebadili mawazo," mama mkwe akamwambia jogoo. "Hapana. Gurudumu limechoka." Akakaa.

Haikupita muda, Landrova ikaja. Mkaguzi akashuka, suruali ameikunja mpaka magotini. Mzee Seif akafuata, ana ndara moja tu. Harufu yao ilitangulia. Mkaguzi akaingia kibandani, akalifungua lango mwenyewe, kisha akauliza, "Ndugu Maganga yuko wapi?"

"Hata mimi namtafuta huyo," akasema mama mkwe. "Ni mkwe wangu. Naambiwa ni mkubwa wa maji hapa mjini. Lakini jihadharini, wanangu. Nyuma ya kichuguu kile kuna kichaa."

Mzee Seif akatazama. "Kichaa? Wallahi gunia lile limetoka dukani kwangu! Maganga! Toka huko!"

Nikatoka. Nikatoka kinyumenyume, ili nisimwelekezee mkwe uso. (Ndiyo, heshima mpaka dakika ya mwisho.) Hatua ya nne nikaingia mtaroni, ule ule niliousafisha asubuhi.

Mama mkwe akamwita mama yake kwa Kinyamwezi, "Mayo wane!", akajifunika kanga gubigubi, akachomoka kibandani mvuani. Jogoo kwapani.

Nikaeleza yote nikiwa nimesimama mtaroni, maji kiunoni. Mkaguzi akatoa daftari lake. "Debe limefanya kazi," akasema. "Kitambaa kimepanda kwa wakati. Kilichoharibika ni mtu."

Nikajua koleo limerudi. Lakini Mzee Seif, aliyepoteza ndara, akaingilia kati. "Bwana mkaguzi, aliyelowa ni mimi. Mkwe ni mkwe. Mpe msaidizi, yaishe."

Mkaguzi akaandika kitu kwenye daftari lake. Madebe yatawekwa mji mzima. Mimi nimepewa mpaka mwisho wa masika kuonyesha kuwa nafaa. Kesho naanza kwa kusafisha duka la Mzee Seif, kwa koleo.

Sasa ni jioni. Niko kibandani, kwa sababu nyumbani yuko nani? Mke wangu amenijia sasa hivi na ugali na nyama ya kuku. Nilipofunua nikamtambua jogoo, shahidi wangu pekee.

"Mama amesema chakula hiki si chako," mke wangu akaniambia, amejibana mdomo asicheke. Akaligeukia gurudumu. "Ewe gurudumu, chakula tayari. Ukishiba, ujifunze kulia ni wapi."

Nimekula chote. Nikamwambia akamwambie mama, gurudumu linashukuru sana.