Ushindi wa Wekoye, Aliyefika wa Mwisho

Tueni mizigo, enyi wachuuzi wa Kitale. Zimeni pikipiki, enyi vijana wa stendi. Nanyi mama zetu wa mtaa wetu wa Tuwan, epueni sufuria kwanza, maana haya hayasikilizwi kwa sikio moja. Nayasimulia mapambano ya Mabanga, siku Wekoye wa Tuwan, Mchelewaji Mkuu, Bwana wa Baiskeli Nyeusi, alipokwenda kuikomboa heshima yake kwa wakwe.

Heshima hiyo ilipoteaje? Kwa miaka mitatu mfululizo, kila alipoalikwa ukweni Bungoma, shujaa wetu alifika sahani zikioshwa. Firigisi ya kuku, ambayo ni haki ya mgeni wa heshima, ilikuwa imekwisha kupita kooni mwa mtu mwingine. Jambo hilo liliniuma hata mimi, ambaye sikualikwa.

Basi zikatangazwa mbio za baiskeli za polepole katika uwanja wa Mabanga, huko huko Bungoma kwa wakwe: mita thelathini, kila mtu na njia yake iliyochorwa kwa chokaa. Anayegusa chini kwa mguu ametoka, na anayevuka mstari nyuma ya wenzake wote ndiye bingwa. Zawadi ilikuwa jogoo mwekundu.

Mkewe Nakhungu akamfunga kamba za viatu na kumhutubia. "Baba Lorraine, skiza. Mama yangu atakuwa hapo akipikia wageni chai. Ukishindwa hata kuchelewa, bana, mimi nitaambia watu wa kwetu nini?"

"Mama Lorraine," akajibu, mkono kifuani, "mimi nilichelewa harusi yangu mwenyewe. Nani ataniweza?"

Firimbi ya mwamuzi Hiram ikalia, na wapanda baiskeli wanne wakaondoka kwa kishindo kisichosikika. Wawili walianguka kabla ya mita ya kumi. Akabaki Wekoye na Kimaiyo wa miteremko ya Elgon, Mwenye Mapaja ya Chuma, bingwa wa miaka minne.

"Wewe wa Tuwan!" Kimaiyo akanguruma. "Rudi Kitale uuze mahindi! Hapa nimeshinda mara nne, na leo ni ya tano!"

"Si utangulie basi," Wekoye akamjibu kwa adabu. "Mimi sina haraka."

Zikabaki mita mbili, wote wakiwa sambamba. Jasho likamwingia Wekoye machoni, akakata tamaa kabisa na kuamua kujiachilia tu avuke. Ndipo Mama Phelista, mama mkwe wake, alipotoka jikoni na birika kubwa la chai, akasimama mwisho wa njia ya Wekoye kupumzisha mkono, uso kaelekeza kwenye meza ya wageni.

Enyi msiojua, jueni: mwanamume wa Kibukusu hamkaribii mama mkwe wake. Humpisha, hata ikibidi aingie kichakani. Lakini Wekoye angepita wapi? Mbele mkwe, kando chokaa, chini marufuku. Akafunga breki zote mbili, akainamisha macho kwa heshima, na baiskeli ikasimama wima papo hapo. Uchovu ulimtoka, aibu ilikuwa imemshika kiuno.

Kimaiyo akaona, akacheka. Kicheko kikamshuka tumboni hadi kwenye pedali, na gurudumu lake likavuka mstari.

"Kimaiyo amemaliza!" Hiram akatangaza. "Lakini Wekoye akigusa chini, hakuna ushindi!"

"Mama!" Nakhungu akapiga yowe. "Toka hapo! Mkwe wako anakufa!"

Mama Phelista akageuka, akajifunika uso kwa leso na kutimka, chai ikimwagika. Wekoye akavuka, akaanguka pamoja na baiskeli yake, na kulia kwa furaha bila haya.

Jioni jogoo alipikwa ukweni. Shujaa alikwenda kuoga kwanza, akafika sahani zikioshwa. Lakini mezani palikuwa na bakuli moja lililofunikwa, na ndani yake firigisi nzima. Kutoka nyuma ya ukuta wa jikoni sauti ya Mama Phelista ikasikika: "Nakhungu, ambia huyo mtu akule polepole. Hakuna mtu anamfukuza."

Basi na iandikwe, kuanzia Tuwan hadi Mabanga, vizazi visome: siku hiyo Wekoye alikula firigisi, na ilimchukua dakika arobaini.