Sinyora na Ubongo wa Gari la Mikate

Jumatatu, 3 Machi

Sinyora yumo bandani kwangu! Ameingia saa nne asubuhi akivutwa kwa kamba, matairi mawili hayana upepo, panya mmoja ndani. Panya ameteremka mwenyewe getini.

Gari la michezo la Kitaliano. Milango miwili, viti viwili, rangi ya kijani iliyokoza. Tumezaliwa mwaka mmoja, ila yeye bado anatazamika. Baba mkwe alilinunua ujanani akaliita Sinyora. Marehemu mama mkwe alikuwa akipita karibu nalo analiamkia kwanza, mume baadaye.

Makubaliano ni haya. Jumapili tarehe 16 mzee anataka apandishwe kilimani, hadi pale juu alipomwomba mama mkwe wafunge ndoa. Macho yake yamefifia, anaona mwanga na vivuli basi. Anasema hilo si neno, anachotaka ni kumsikia Sinyora akipanda. Ameniomba jambo moja tu: Sinyora awe vile vile alivyokuwa. Nimemwahidi mbele ya ukoo mzima, mkono kifuani.

Shemeji, kaka wa mke wangu, akakohoa. Naye alilitaka gari. Ana vifaa, ana nafasi, ana suruali ya kazi iliyopigwa pasi. Lakini mzee alisema mkwe ameomba kwanza. Ha!

Mimi ni mkaguzi wa mizani. Miaka ishirini na sita napita madukani kuhakikisha kilo ni kilo. Mtu wa namna hiyo ashindwe na injini?

Jumanne, 4 Machi

Nimeshindwa na injini.

Tatizo ni kabureta. Ziko mbili, na kila moja ina njia yake ya kuvuta petroli. Ukiituliza hii, ile inasusa. Nimemwita Fundi Kimya, anayesifika kwa magari ya zamani na kwa kutozungumza. Akainama, akanusa, akagonga mara moja kwa kidole. Akasema wiki mbili. Zifunguliwe, zisafishwe, kisha zilinganishwe kwa sikio.

Nikamwambia zimebaki siku kumi na mbili. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mvua. Nikamwuliza kama sikio lake haliwezi kufanya haraka. Akajifuta kidole.

Siku mbili! Nimekosa siku mbili tu!

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata wazo. Zuri mno, sijui kwa nini Wataliano hawakuliwaza.

Kwenye uwanja wa vyuma chakavu kuna gari la kusambazia mikate, limebondwa nyuma, mbele zima kabisa. Lina mfumo wa kisasa wa petroli unaoendeshwa na kompyuta. Hakuna kulinganisha wala kubembeleza. Unawasha, linawaka. Nikiuhamishia kwa Sinyora, nikafunika na lile kopo lake la asili la kuchujia hewa, nani atajua? Si kubadilisha huko. Ni kusaidia.

Mwenye uwanja alitaka kitu badala yake. Nikampa kabureta zote mbili. Za nini tena?

Fundi Kimya alipita mchana, akaona nyaya, akavaa kofia yake, akaondoka. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile.

Jumamosi, 8 Machi

Nyaya sitini na tatu. Nimeunganisha hamsini na mbili. Kumi na moja zilizobaki nimezitia kwenye soksi.

Na injini imewaka! Saa tano na dakika kumi. Inanguruma taratibu, kistaarabu. Sikuwahi kujisikia mwanamume kiasi kile.

Saa tano na robo, Shemeji huyo. Amekuja kusalimia, eti. Nikaona jicho lake linaelekea kwenye boneti, nikawahi kuikalia. Akaniuliza habari za nyumbani, za kazini, za watoto mmoja mmoja. Dakika arobaini. Akauliza kama bati halina joto. Nikasema hata kidogo.

Lilikuwa na joto. Naandika nimesimama.

Jumatatu, 10 Machi

Sinyora ameongea.

Nilitia gia ya kurudi nyuma, nimtoe bandani. Ghafla sauti ya mwanamke, kali kama ya mwalimu wa zamu: tahadhari, gari la mikate linarudi nyuma! Mara tatu. Jirani akatoka na kikapu akaomba mikate miwili.

Nimekata waya wa kwanza, injini ikazima. Nimeuunga. Nimekata wa pili, taa zikawaka zenyewe. Nimeuunga. Kumbe sauti na injini vinatumia ubongo mmoja. Ukimnyamazisha mama huyu, umeua gari.

Kazini nimepitisha mizani mbovu kwa kuwaza mengine. Muuza sukari amenishukuru kwa dhati. Imebidi nirudi kumnyang'anya kibandiko cha ukaguzi.

Jumatano, 12 Machi

Nimekijaza kipaza sauti pamba na nusu ya mto wa kochi. Bure. Sasa ni sauti ya mwanamke aliyefungiwa kabatini.

Mke wangu aliisikia kutoka jikoni. Akaja na mwiko mkononi akauliza ni mwanamke gani huyo. Nikasema ni gia. Jibu hilo halikusaidia. Nikamkalisha kwenye kiti cha abiria, nikamwonyesha yote: kompyuta, kopo, soksi. Akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu kicheko kikakatika, akafuta macho kwa upande wa khanga. Akasema baba yake amebakiwa na masikio tu, na mimi nimekwenda kumdanganya humo humo. Akanisihi nimwambie leo.

Nikasema nitamwambia.

Nimefikiri vizuri. Nitamwambia tukisharudi. Dawa ya Jumapili ni rahisi kabisa: nisirudi nyuma hata hatua moja. Kwenda mbele tu!

Jumapili, 16 Machi

Mwisho wangu.

Mzee alivaa tai. Ukoo mzima ulipanga mstari getini, Shemeji kwenye kona, pasi imesimama kwenye suruali. Nilikwisha kuegesha Sinyora pua ikiangalia barabara. Nikageuza ufunguo, akawaka mara moja, kimya kimya, kama friji. Wengine wakapiga makofi. Mzee aliweka kiganja juu ya dashibodi, akakaa hivyo kitambo. Kisha akasema twende.

Tulipanda vizuri. Kona zote, hatukukohoa hata mara moja. Mimi naongea, mzee ananyamaza. Nikadhani ni furaha.

Kule juu ndipo nilipogundua kwamba mahali penyewe pana ukuta mbele, na ukuta kushoto, na bonde kulia. Aliyepajenga hakuwaza watu wa kwenda mbele tu. Tulikaa nusu saa. Jua likawa kali. Mzee akasema sasa turudi. Nikatia gia.

Tahadhari, gari la mikate linarudi nyuma.

"Nani huyo?" mzee akauliza.

"Ni gari, Baba."

"Sinyora hakuwahi kusema neno."

Nikamweleza. Yote, mpaka soksi. Mama wa mikate akanikatiza mara mbili kwa sababu gia nimeiacha palepale. Mzee akasubiri amalize.

"Nilijua tangu getini, mwanangu," akasema. "Nilifikiri utaniambia njiani."

Ningeweza kufungua mlango nikajitupa bondeni, lakini nani angemrudisha mzee?

Akaniomba nizime. Akaniambia nimweleze kinachoonekana kutoka pale. Nikaanza: mabati ya nyumba, tangi la maji, barabara inayozunguka kama nyoka wa fedha.

"Niambie kilichopo tu," akasema. "Usiongeze kitu."

Jumatatu, 17 Machi

Sikwenda kazini. Nimekimbilia uwanja wa vyuma chakavu mlango haujafunguliwa. Nikaomba kabureta zangu. Hazipo. Zilichukuliwa Ijumaa na bwana mmoja mpole, nadhifu, amevaa suruali ya kazi iliyonyooshwa kama ya harusi.

Nilizunguka mtaa wake mara nne kabla ya kubisha hodi.

Zilikuwa mezani, juu ya kitambaa cheupe, zimeoshwa zinang'aa. Nikasimama nikingoja anicheke. Nilikuwa nimejiandaa. Njiani nilikwisha kutunga majibu matatu, moja lina tusi. Shemeji hakucheka. Alikwenda pale kutafuta kioo cha pembeni cha gari lake, akasema, akaziona ndani ya ndoo, akazitambua kwa alama ndogo ambayo Baba aliipiga kwa tupa miaka hiyo, yeye mwenyewe akiwa amemshikia tochi. Akasema Fundi Kimya ataanza kesho. Akasema, kwa upole, labda ingefaa nimwachie ufunguo.

Nikampa. Akanimiminia chai. Akaniongezea sukari bila kuniuliza, maana anajua nanywa tamu.

Ningefurahi zaidi kama angenipiga.

Jumapili, 6 Aprili

Wiki mbili zilikwisha, Kimya akaongeza siku tatu za kusikiliza. Leo wamepanda.

Viti ni viwili. Shemeji kwenye usukani, mzee pembeni, tai ileile. Mimi nilipewa kazi ya kufungua geti. Sinyora akakohoa mara tatu. Akagoma. Akatikisika kama anayetaka kutapika, akatoa moshi wa bluu uliowafukuza watoto, halafu akanguruma mpaka vioo vya jirani vikalia. Mzee akacheka kinywa wazi. Miaka kumi na tisa niko kwenye familia hii na sikuwahi kujua kwamba magego yake ya chini hayapo.

Tuliwasikia wakipanda, gia kwa gia, hata baada ya kona kuwameza. Mke wangu alikuwa amenishika mkono. Akasema hivyo ndivyo baba yao alivyokuwa akirudi kutoka kazini, na wao watoto walimsikia tangu daraja la chini wakakimbia kunawa miguu. Nikamwomba msamaha. Akanifinya mkono, si kwa nguvu.

Nililia kidogo nyuma ya geti. Naandika hapa ili iwe ushahidi: nimekoma. Kitu anachokipenda mtu ni chake kama kilivyo. Sitagusa tena.

Jumanne, 8 Aprili

Baba mkwe aliniita asubuhi. Hana kinyongo hata chembe! Akaniambia nisikae mbali na nyumba yake kwa ajili ya chuma. Na ili nisijione nimetupwa, amenipa kazi: mpira wa ncha ya mkongojo wake umelika, niubandike mwingine. Dakika tano.

Mkongojo nimeuleta nyumbani kwa heshima zote. Mpingo mtupu, kazi ya mikono ya babu yake mke wangu. Mpira nimeubandika. Umekaa sawasawa. Nikaugonga mkongojo chini mara mbili kuujaribu.

Mgumu mno! Kila hatua mshtuko wote unapanda mpaka begani kwa mzee! Miaka yote hii, na hakuna hata mmoja kati ya watoto wake aliyeliona hilo. Springi moja tu pale katikati, fupi, nyembamba, ndani kwa ndani. Ataelea. Hatajua hata kwa nini anaelea. Hii si sawa na ile ya gari, huku hakuna kompyuta.

Mzee ametuma salamu kupitia kwa mke wangu, anauliza kama gundi imekauka, anataka kutembea jioni. Nimejibu bado kidogo.

Ni kweli bado kidogo. Msumeno umepita nusu, na mpingo ni mgumu.