Meza Mpya ya Idarus

“Kitanda cha kuoshea maiti kimepotea, na Mzee Abdulghafur yuwafa.”

Badawi alituletea habari hiyo bila hata salamu. Twamwita Redio, kwa sababu hanyamazi mpaka betri ziishe. Alisimama mbele ya baraza yetu pale Kibokoni, kanzu imemganda mgongoni, akanyoosha mkono kwa Muhdhar muuza kahawa kama mtu anayedai haki yake.

“Waaleikum salaam,” Muhdhar akamjibu salamu ambayo hakuitoa. “Kunywa kwanza, usije ukatangulia wewe.”

“Wallahi sina mzaha. Mzee tangu jana hasemi. Wanawe wameenda msikitini kutazama kama vitu viko tayari, wafungue ghala, hamna! Jeneza liko. Kitanda hakiko.”

“Kimeibwa?”

“Nani aibe kitanda cha maiti?” nikauliza. “Akakifanyie nini? Akilalie?”

“Siku hizi wezi hawachagui, Nyundo.” Nyundo ndiyo mimi, ati sijui kusema pole pole. “Uhuru haujatimiza mwaka, tushaibiwa kengele za baskeli, kamba za kuanikia, na kuku wa imamu.”

“Redio, ngoja,” akasema Idarus. “Umenikatiza. Nilikuwa nimefika kwenye miguu.”

“Miguu ya nani?”

“Ya meza.”

Huyo Idarus ni mwuza vifungo na nyuzi pale Biashara Street. Vifungo vyake humfikia vimefungwa kwa kurasa za gazeti la picha la Kizungu, na kurasa hizo ndizo zilizomharibu. Aliona humo jinsi wenzetu wanavyochukua vitu vikuukuu vya nyumbani wakavigeuza mapambo, na tangu siku hiyo nyumba yake haina amani. Sufuria lililotoboka kalitoboa zaidi, likawa kivuli cha taa. Chemni ya taa iliyovunjika ikawa chombo cha maua. Madebe ya mafuta ya taa kayapaka rangi, kayapanga ngazini kama askari. Vigae vya sahani kavibandika ukutani kwa saruji, na nusu ya sahani hizo zilikuwa nzima alipozianza. Twamwita Mapambo, naye alipenda jina.

Siku hiyo alikuwa na haki ya kujisifu kidogo. Baada ya alasiri wazee walikuwa wanakuja kumposa bintiye Afaf. Ilikuwa posa ambayo mkewe, Swabaha, aliiombea Mungu hata akaiwekea nadhiri, kwa kuwa kijana mwenyewe ana adabu na ana kazi bandarini, na Afaf alishasema akiikosa hii hataki nyingine. Wanawake walimtoa Idarus nyumbani asiwasumbue. Ndipo akaja kutusumbua sisi.

“Basi malizia hiyo miguu yako,” Muhdhar akamwambia.

“Niliikata.” Idarus akajiweka sawa. “Ilikuwa mirefu, nikaikata ikabaki shubiri moja, meza iwe ya chini, mtu ale halwa akiwa kwenye zulia. Na vile vipande vinne sikuvitupa. Kila kipande nimekisimamisha pembeni mwa ukumbi, juu yake chungu cha maua. Mbao yenyewe nimeipiga msasa mpaka mikono ikatoka ngozi. Vanishi mara tatu! Ukiinama unajiona ndevu.”

“Zako zaonekana? Hiyo vanishi kweli,” nikasema.

“Cheka tu. Na ina ufundi wa kale, meza hiyo. Katikati pana mfereji mwembamba, unateremka mpaka mwisho. Na mwisho pana tundu.”

“Tundu la nini?”

“La kutupia kokwa za tende! Unakula, unaitupa kwenye mfereji, inabingirika yenyewe, inaanguka kwenye kibakuli chini. Hata Wazungu katika gazeti lao hawana kitu kama hicho.”

Kikombe cha Redio kilisimama njiani. Kilikuwa hakijafika mdomoni, na hakikurudi chini.

Zein akakohoa. Huyu twamwita Kadhi. Hakusomea ukadhi popote. Ana kilemba na ana sauti, basi.

“Idarus, ndugu yangu,” Kadhi akasema taratibu. “Mbao hiyo uliipata wapi?”

“Kichochoroni. Iliegemezwa ukuta wangu wa nyuma, miguu juu. Taka za kwenda jaani Kibarani. Nikasema, Subhanallah, mvule mtupu na watu wanatupa!”

“Lini?”

“Ile wiki mlipopaka chokaa msikiti.”

Kadhi akakivua kilemba, akajipepea nacho. Sijapata kumwona amekivua. Kichwa chake ni kidogo kuliko nilivyodhani.

“Mimi ndiye niliyekuwa nikisimamia chokaa,” akasema. “Vitu vya ghalani nilivitoa nje visichafuke. Vyote nilivirudisha. Kimoja sikukiona, nikadhani kimerudishwa na wenzangu.”

“Wewe Kadhi ndiye mwizi!” Redio akaruka.

“Mimi nilikiweka kivulini!”

“Mmesema nini nyinyi?” Idarus akauliza. Uso wake ulikuwa bado una tabasamu, lakini tabasamu lenyewe lilishaondoka, limebaki meno.

Hakuna aliyetaka kumwambia. Nikamwambia mimi.

“Idarus, umewatengenezea wakwe zako meza kwa kitanda cha maiti.”

“Ng'o!”

“Mfereji ule si wa tende. Ni wa maji ya josho.”

“Nyundo, wewe una roho mbaya.”

“Haya, na tundu?”



“Mtu mzima kama wewe hukukijua?” Muhdhar akamwuliza. “Mimi mgeni hapa na nakijua.”

“Ningekijulia wapi? Mimi mazikoni husimama nje!” Hilo kweli. Idarus anaogopa maiti kuliko anavyoogopa kufa. Hata alipofariki mamake, alishika mlango wa nje mpaka jeneza likatoka. “Na nyinyi mnaoingia, nani hutazama mbao? Watu humtazama marehemu!”

“Tulia,” Redio akasema. “Si jambo kubwa. Wakwe watakula, wataondoka, usiku tunakirudisha. Nani atakijua?”

“Inategemea mkwe ni nani,” nikasema. “Nani mkwe?”

Idarus alijishika kichwa. Kadhi akamjibia, kwa ile sauti yake ya kutangaza mwezi.

“Jamaldin.”

“Jamaldin yupi?”

“Yupi tena? Wa bizari, wa Marikiti.”

Redio akakaa chini, kwenye jivu la Muhdhar, na hakuhisi. Jamaldin mchana huuza bizari Marikiti. Lakini mtu akifa upande wetu huu, anayeitwa kumwosha ni yeye, na kabla yake alikuwa babake. Amewaosha babu zetu na baba zetu, na mimi nikimwona huvuta tumbo ndani, nisije nikampa kazi. Mtu kama huyo kukitambua kitanda kile ni kama Muhdhar kulitambua buli lake.

“Kimbia!” tukamwambia Idarus kwa pamoja. “Kimbia ukaitoe!”

Akainuka. Kiatu kimoja. Kile kingine hakijaingia.

“Asalaam aleikum jamaa!”

Jamaldin huyo, kanzu nyeupe, udi wanuka, na wazee wawili wa ukoo wake nyuma yake.

“Mkwe, utaniwia radhi,” akamwambia Idarus. “Tumekuja kabla ya wakati. Mzee Abdulghafur hali yake si nzuri, huenda nikaitwa wakati wowote. Nikasema tuyamalize haya ya heri mapema. Na hawa jamaa zako? Twendeni sote, muwe mashahidi.”

Tungesemaje? Tukaenda. Njiani Kadhi alikuwa akisoma dua, na Redio akimwuliza ni dua gani, na Kadhi akisema yoyote.

Ukumbi wa Idarus ulikuwa umepambwa usiombe. Juu yetu sufuria latoa mwanga wa madoadoa. Ukutani sahani. Pembeni nne, vile vigogo vinne vya miguu na vyungu vyake vya maua. Na katikati, juu ya zulia, meza yenyewe yang'aa kama kiatu cha afisa, sinia la halwa juu yake, tende, vikombe, buli.

Kwa wiki nzima Idarus alimkataza mkewe asitandike kitambaa, vanishi isijifiche. Sasa alivua koti akalitandaza juu ya meza, halwa na vyote.

“Joto,” akasema.

Jamaldin ni mtu wa adabu. Akaliondoa lile koti kwa vidole viwili, akamrudishia. “Vaa, mkwe. Kumposa binti kwa baba aliyevua nguo si vizuri.”

Tukakaa. Salamu, za nyumbani, za watoto, za biashara. Jamaldin akaanza maneno ya posa kwa ustaarabu wake wote, na nyuma ya pazia tukasikia bangili za wanawake zikitulia. Idarus akashika buli ammiminie mkwe kahawa.

Macho yake yalikuwa kwenye mfereji, si kwenye kikombe. Kahawa ikaingia kikombeni kidogo, na nyingine mezani.

Laiti ingemwagika kama kahawa ya watu! Kahawa ya watu hutapakaa. Hii ilijikusanya, ikatafuta mfereji, ikateremka taratibu, bila haraka, bila kupotea hata tone, mpaka kwenye tundu, na kwa kuwa kile kibakuli kilisahauliwa, ikadondoka juu ya mguu wa Kadhi. Na Kadhi hakuthubutu kupiga kelele.

Jamaldin alinyamaza katikati ya neno. Aliyatazama yale maji mpaka yakaisha. Kisha akapitisha kiganja juu ya mbao, kutoka upande wa kichwa mpaka upande wa miguu.

“Idarus.”

“Labeka.”

“Hili pambo gani?”

“La... la kisasa, sheikh.”

“Nimemwosha babangu juu ya pambo hili.”

Mmoja wa wale wazee alikuwa na halwa mdomoni. Alibaki nayo hivyo hivyo, shavu limevimba, hatafuni, hatemi. Kadhi akalirudisha tonge lake siniani polepole, akalisawazisha kwa kidole lionekane halijaguswa.

“Si haramu,” akanong'ona. “Lakini haiteremki.”

Redio peke yake alikuwa akiendelea kula.

“Miguu yake iko wapi?” Jamaldin akauliza.

Idarus akaonyesha pembe moja. Kisha ya pili. Alipofika ya tatu mkono ukamwanguka.

“Wallahi nilidhani taka, sheikh! Kilikuwa kichochoroni! Muulize Kadhi!”

“Mimi nilikiweka kivulini,” akasema Kadhi.

“Kimekatwa kikabaki shubiri moja,” Jamaldin akasema, na sasa sauti ilianza kupanda. “Niambie mkwe, mimi nitamwoshaje mtu hapa? Nimsujudie? Abdulghafur akifa alasiri hii, mtaa mzima huu wa watu wazima, utamlaza wapi? Hiki ni wakfu! Ni mali ya kila aliyemo humu, zamu yake ikifika!”

Akainuka. Wale wazee wake wakainuka naye, yule mmoja na halwa yake shavuni. Nyuma ya pazia nikasikia mtoto wa kike akivuta pumzi ya kilio, na nikajua posa hiyo inatoka mlangoni kwa miguu sita.

“Bwana Jamaldin!”

Ilikuwa sauti ya Swabaha, ndani ya pazia. Haikuwa ya kuomba.

“Naam, bibi.”

“Kitanda kinachofaa josho ni cha namna gani?”

Jamaldin akasita. Swali la kazi, hakuweza kuliacha. “Kirefu cha kutosha, kimo cha kiunoni. Kikiwa cha kamba ndiyo bora zaidi, maji yapite.”

“Samadari tunayolalia ni ya kamba. Ni ya mvule, na iko juu hata mimi huipanda kwa kigoda. Ichukueni. Iwe wakfu leo hii.”

“Swabaha!” Idarus akalia. “Ile ya marehemu mamangu?”

“Wewe nyamaza. Wewe ulikuwa na kitanda cha bure ukakigeuza meza. Nyundo! Redio! Ingieni huku muibebe. Na Bwana Jamaldin, kaa, umalize neno ulilokuwa ukilisema.”

Jamaldin alisimama kidogo. Alimtazama Idarus, akaitazama meza, akalitazama pazia. Nilimwona akipiga hesabu, kwamba binti ametoka kwa mama huyu pia, si kwa baba peke yake. Akakaa. Wazee wake wakakaa. Yule mmoja akameza, mwishowe, na macho yakamtoka machozi.

Akalimaliza neno. Likakubaliwa. Bangili zote nyuma ya pazia zikapiga kelele.

Samadari tuliibeba sisi wanne, mimi, Redio, Kadhi na Muhdhar, kupitia vichochoro, na kila dirisha lilifunguka. Mama mmoja akatuuliza Idarus amekufa lini. Mwingine akasema la, amemwacha mkewe, vyombo vyatolewa. Redio alikuwa akijibu wote ndiyo, apate kupumua. Tuliifikisha ghalani kabla ya magharibi, tukaitazama, nzuri, imechongwa maua kichwani, kisha kila mtu akashika njia ya kwake bila kuaga.

Mzee Abdulghafur hakufa. Alipoambiwa amewekewa samadari ya Idarus, alifumbua macho, akaomba uji. Ijumaa alikuja msikitini kwa miguu yake.

Posa ikapita, arusi ikawekwa. Na ilichomgharimu Idarus ni hiki. Samadari moja ya mvule aliyoachiwa na mamake. Imekuwa wakfu, na wakfu haurudi. Sinia zima la halwa, lililoliwa na Redio peke yake. Mgongo, kwa kuwa sasa yuwalala sakafuni. Na mkewe, aliyelala naye sakafuni usiku wa kwanza, usiku wa pili akahamia kwa dadake Mwanaesha, ambako kuna kitanda.